Kukodi gari Cape Town: uzoefu wetu mimi na mume wangu

Tangu turudi Mwanza tunaulizwa swali lile lile: Afrika Kusini unaweza kukodi gari ukajiendesha mwenyewe? Unaweza. Kwa safari za nje ya mji nashauri ufanye hivyo. Kwa Cape Town mjini, okoa hela yako.

Viza hatukuhitaji, na leseni ya Tanzania waliipokea bila maswali. Usukani uko kulia na magari yanapita kushoto kama huku kwetu, kwa hiyo mume wangu alitoka nalo uwanja wa ndege bila jasho. Shida ilikuwa kaunta. Kampuni tuliyoagizia mtandaoni ilitaka amana ishikiliwe kwenye kadi ya mkopo, si hizi kadi zetu za kutolea hela, na sharti lenyewe walikuwa wamelificha huko chini kabisa. Walikubali kadi yetu baada ya kutuuzia bima kubwa, ambayo nayo ukiisoma vizuri, kioo cha mbele na matairi havimo. Kabla ya kuondoka nilipiga picha kila mkwaruzo, hadi kwenye rimu. Siku ya kurudisha, kijana wa ukaguzi aliinama kwenye bampa la nyuma akaanza kuandika. Nikamwonyesha simu, akafuta.

Gari lenyewe halikutusumbua, na barabara ni raha. Chapman's Peak ni kilomita 9 zenye kona 114, mlima juu yako, bahari chini yako. Unalipia kibandani. Ipite ukitokea Noordhoek kwenda Hout Bay, maana hapo njia yako ndiyo iliyo upande wa bahari, na abiria wa mbele anaona kila kitu. Wanaotoka Hout Bay wanatazama mwamba tu.

Ili uipite kwa upande huo, anza asubuhi na Simon's Town, ufukwe wa Boulders. Mawe yake utadhani jiwe la Bismarck la kwetu Mwanza, ila huku wamesimama pengwini. Mwaka 1982 walikuwa jozi mbili tu. Harufu yao haitamshangaza mtu wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba.

Cape Agulhas, ncha ya kusini kabisa ya Afrika, ni mwendo wa kama saa 3. Nilitegemea kuona Atlantiki na Bahari ya Hindi zikigawana rangi. Ni maji tu na upepo. Barabara kuu mwisho ni 120 kwa saa, na tochi zao za kupima mwendo ni kamera, hakuna trafiki wa kubembeleza. Faini inapitia kwa kampuni ya gari, nayo inaongeza ada yake.

Mjini gari ni mzigo: maegesho ya kulipia, kisha kijana wa kizibao anayelilinda naye umpoze. Basi jekundu la watalii lilitutosha, linafika hadi kwenye kebo ya mlima wa Table Mountain, inayokupandisha hadi mita 1,067 juu. Sakafu ya kebo inazunguka, kwa hiyo hakuna kugombania dirisha. Upepo ukizidi wanafunga, basi mkipata siku tulivu pandeni kwanza, mengine baadaye.

Robben Island, kisiwa cha gereza alikofungwa Mandela, tulienda baada ya kurudisha gari. Anayewatembeza gerezani ni mtu aliyefungwa humo humo, usiikose. Ila mume wangu, mzaliwa wa Ukerewe aliyekulia kwenye boti, alitapika njia nzima.

Kampuni ya gari naipa nyota 2 kati ya 5, zote mbili za gari.