Hank Williams kama alivyorekodi: uzoefu wangu na diski mbili za nyimbo 40

Kwetu Nakuru tumelelewa na kantri, muziki wa mashambani wa Marekani. Marehemu baba alikuwa na kanda moja ya Hank Williams iliyochezwa hadi ikachakaa, na nilidhani namjua huyu mwimbaji. Mwezi jana nikaagiza mkusanyiko huu wa mitumba, diski mbili.

Kumbe kanda ya baba ilikuwa imeongezewa viungo! Hank alipofariki, kampuni iliyomrekodi, MGM, ilipachika kundi zima la fidla juu ya rekodi zake za zamani, na mwaka 1965 ikatoa albamu nzima iliyounganisha sauti yake na ya mwanawe. Hapa hayo hayapo. Ni yeye, fidla moja, na gitaa la stili, lile la kutelezesha chuma juu ya nyuzi, mara nyingi mikononi mwa Don Helms, likilia juu kabisa. Nyimbo nyingi hazina ngoma. Mapigo yanatoka kwenye gitaa la umeme lililozibwa nyuzi, tak, tak, tak. Hiyo ndiyo honki-tonki, muziki wa vilabu vya pombe, wa kusikika katikati ya kelele za wanywaji.

Anza na "Lovesick Blues", wimbo uliompeleka Grand Ole Opry, kipindi maarufu cha redio cha kantri, Juni 1949. Weka spika za masikioni usikilize neno linavyomkatikia kooni, likaruka juu, likarudi mahali pake. Alizaliwa Alabama mwaka 1923 na kasoro ya uti wa mgongo iliyomtesa maisha yake yote, na gitaa alifundishwa na Rufus Payne, mwanamuziki Mweusi wa mitaani. Mimi bluzi ya mzee huyo naisikia humu waziwazi.

Agosti 1952 Opry walimfukuza kwa ajili ya ulevi. Mwezi uliofuata akarekodi "Your Cheatin' Heart", na hakuishi kuuona ukitoka: tarehe 1 Januari 1953 alikutwa amekufa kwenye kiti cha nyuma cha Cadillac, akipelekwa kutumbuiza Canton, Ohio. Miaka 29 tu. Siwezi kuusikiliza wimbo huo nikiwa na kazi nyingine mkononi.

Diski ya pili ilifika na mkwaruzo, nyimbo mbili zinarukaruka, na muuzaji hajajibu ujumbe wangu. Nunua mpya ukiweza.

Jumapili niliicheza mama akichambua sukuma wiki. Akanyamaza, kisu mkononi. "Huyu si yule wa baba yako?" Nikamwambia ndiye. Akasema nirudishe mwanzo.