Mafunzo ya hamira na mgawanyiko wa seli, Tudor: yanafaa, ila chumba kina joto

Kituo kimoja cha masomo ya ziada hapa Tudor, Mombasa, huandaa, wakati wa likizo za shule, mafunzo ya siku mbili kuhusu jeni zinazoongoza mgawanyiko wa seli, yakiwalenga walimu wa biolojia na wanafunzi wanaojiandaa kwenda chuo kikuu. Kinachochunguzwa ni hamira ya jamii ile ile inayoumua mahamri, ila yenye jeni zenye kasoro.

Wakufunzi wamefaulu hasa katika kueleza mbinu ya mwanasayansi Mmarekani Leland Hartwell. Jeni ambayo seli haiwezi kugawanyika bila hiyo haifai kuharibiwa kabisa, maana hamira itakufa kabla ya kuchunguzwa. Kwa hiyo Hartwell alitafuta hamira ambayo protini yake moja, itokanayo na jeni yenye kasoro, hufanya kazi katika nyuzi 23 za Selsiasi na kushindwa katika nyuzi 36. Nilipochungulia hadubini, kioo cha sampuli ya baridi kilikuwa na seli za kila namna: nyingine hazina chipukizi (seli mwana inayoota ubavuni mwa seli mama), nyingine zina kidogo ubavuni, nyingine zinakaribia kutengana. Katika kioo cha sampuli iliyokaa saa kadhaa kwenye joto, karibu zote zilikuwa zimekwama zikiwa jozi za mviringo zilizoshikana, mama na mwana wakikaribia kulingana. Kukwama huko kwa pamoja ndiko kunakofichua jeni husika inahitajika katika hatua gani.

Siku ya pili umeme ulikatika adhuhuri, na kituo hakina jenereta. Muda si muda, sampuli ya baridi, ambayo ndiyo ya kulinganishia, ilipata joto la kawaida la Mombasa ikaanza kufanana na ile nyingine. Anayefundisha somo hili pwani hana budi kuweka akiba ya barafu. Tuliombwa radhi kwa adabu, lakini ada haikupunguzwa.

Kazi ya mwanasayansi Mwingereza Paul Nurse, aliyechunguza hamira ya aina nyingine, ilipitiwa mbio mno. Hamira yake, iliyoelezwa kisayansi mwaka 1893 kutokana na pombe ya Afrika Mashariki, hujigawa katikati badala ya kuchipua, na ilimwonyesha kwamba jeni iitwayo cdc2 huamua lini seli igawanyike. Mwaka 1987 yeye na mtafiti mwenzake Melanie Lee waliripoti jeni ya binadamu inayoweza kushika nafasi ya cdc2 ndani ya hamira. Hapo ndipo somo linapogusa saratani, yaani seli kugawanyika bila kudhibitiwa, nasi tulipewa karatasi moja iliyofifia.

Atakayejiandikisha achague zamu ya asubuhi, na aulize kwanza kama jenereta imenunuliwa.