Jubilei ya ndoa kwenye barabara ya Pwani: tathmini ya safari tuliyopangiwa Lubumbashi

Mwezi wa nane mwaka jana mimi na mume wangu tulitimiza miaka 25 ya ndoa. Badala ya kukodi ukumbi na kulisha watu 300, kama ilivyo desturi hapa Lubumbashi, tuliamua fedha zile zitupeleke baharini, kwani yeye alikuwa hajaiona bahari maisha yake yote, na mimi niliiona mara moja tu nikiwa msichana. Tulijiunga na wenzi wengine wawili wa parokia yetu: vijana waliotimiza miaka 10, na wazee wetu waliotimiza 40, ambao sote tuliwaita Baba na Mama tangu uwanja wa ndege hadi tuliporudi. Safari ilipangwa na wakala mmoja wa hapa mjini, mama mwenye ofisi ya chumba kimoja. Sitamtaja jina, kwa kuwa yapo aliyoyafanya vizuri kuliko nilivyotarajia na yapo aliyoyakosea vibaya, na mwaka huu anaendelea kuiuza safari hiyo hiyo. Nayaandika haya kwa ajili ya wanaofikiria kuinunua.

Tuliuziwa siku 7 za barabara: kufika Dar es Salaam kwa ndege, kulala Bagamoyo, kupanda kaskazini hadi Tanga, kuvuka mpaka wa Horohoro kwenda Diani na Mombasa nchini Kenya, kisha kurudi Dar es Salaam kwa gari lile lile. Tulilipa kwa dola, kwa awamu tatu, na kila awamu tulipewa risiti yenye muhuri. Risiti hizo zilikuja kutusaidia baadaye.

Nianze na maandalizi, maana hapo mama yule anastahili sifa. Mwezi mzima kabla ya kuondoka alituita ofisini na kukagua kadi zetu za njano moja moja, kwani msafiri anayetoka Kongo huulizwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano anapoingia Tanzania, na kadi ya Mama ikaonekana ina tarehe isiyosomeka. Alitukumbusha tusifunge vitu katika mifuko ya plastiki, kwa kuwa Tanzania iliipiga marufuku tangu Juni 2019. Alitueleza pia jambo ambalo watu wa Lubumbashi, tuliozoea kununua hata mkate kwa dola, tusingelifikiria: tangu Machi 2025 malipo ya ndani ya Tanzania yanatakiwa kufanywa kwa shilingi, kwa hiyo tubadilishe fedha mapema na tuhakikishe noti zetu hazina hata mchaniko. Na kwa kuwa kule magari hupita kushoto, hali sisi tumezoea kulia, alikataa katakata kumruhusu yule kijana aendeshe mwenyewe. Alitupa gari la viti 8 na dereva mwenyeji wa Tanga, mtu mzima, mtulivu, ambaye kwa siku zote zile sikumwona hata mara moja akishika simu huku gari likitembea. Kama tathmini hii ingekuwa ya dereva peke yake, ningeimaliza hapa kwa kumshukuru.

Bagamoyo ndiko tulikoelewa kwa nini tulikuja. Ni kama kilomita 70 kutoka Dar es Salaam, na wakala alikuwa amewasiliana na parokia ya kule na kupeleka barua ya paroko wetu, hata tulipofika Misheni jioni tukakuta padre anatusubiri. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika mahali hapo mwaka 1868 na kujenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Njia ya kuelekea kanisani imepandwa miembe mikubwa pande zote mbili, na hapo ndipo mwili wa David Livingstone, mmisionari na msafiri Mskoti, uliobebwa na watu wake kutoka Chitambo, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Zambia, ulipolazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Nikiwa nimesimama pale niliwaza juu ya misafara ya wakati ule. Msiri, aliyetoka Unyamwezi akajenga milki yake Bunkeya, huku kwetu Katanga, alikuwa akiuza shaba na pembe hadi pwani ya mashariki na ya magharibi, mpaka alipouawa Desemba 1891, na katika njia hizo hizo za biashara ndimo Kiswahili kilimoanza kutufikia Katanga. Leo shaba yetu inateremka kwenda bandarini Dar es Salaam kwa malori kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na sisi tumekuja kwa ndege, lakini njia ni ile ile ya zamani.

Misa ya baraka ilikuwa saa 12 na nusu asubuhi. Sisi sita tulisimama mbele, tukashikana mikono ya kuume, na padre akatuuliza kila wenzi kwa zamu kama bado tunakubaliana. Baba, mwenye miaka 40 ya ndoa, alijibu kabla swali halijaisha. Wakala hakututoza chochote zaidi kwa ajili ya ibada ile, aliandika tu katika ratiba: "sadaka kwa hiari". Kwa wenzi Wakatoliki wanaotafuta mahali pa kuadhimishia jubilei, sijui pengine pa kuwashauri.

Kasoro zilianza siku ya tatu, na chanzo chake kilikuwa kimoja: ratiba ilihesabu kilomita na haikuhesabu saa. Kutoka Bagamoyo tulipita Msata, tukaingia barabara kuu, tukapita Segera na Muheza hadi Tanga. Barabara ni ya lami na nzuri, lakini kila kijiji kina kibao cha kilomita 50 kwa saa na trafiki anayesimamia kibao hicho, na dereva wetu, kwa haki kabisa, alitii vibao vyote. Mahali ambapo karatasi ya wakala iliandika saa nne tulitumia zaidi ya saa saba, tukihesabu chakula, choo, na dakika 20 za kununua machungwa Muheza, ambazo hakuna mwanadamu anayepita pale akaziepuka. Tulifika Tanga giza limeingia, magoti ya Mama yamevimba, na jioni ambayo ratiba iliiita "matembezi ya wawili wawili ufukweni" ikaishia kila mtu kutafuta kitanda.

Kitanda chenyewe kilikuwa tatizo. Wakala alikuwa ametuahidi vyumba vyenye kitanda kimoja kikubwa, na katika nyumba zote tulizolala tulivipata, isipokuwa Tanga, ambako wenzi wale vijana walipewa vitanda viwili vyembamba, kila kimoja na chandarua chake kilichochomekwa chini ya godoro pande zote. Watu waliooana miaka 10, katika safari ya kuadhimisha ndoa yao, walilala kama wanafunzi wa bweni. Mwenye nyumba alionyesha ujumbe alioupokea kutoka Lubumbashi: uliandikwa "vyumba 3, watu 6", basi. Kosa dogo, lakini mpangaji wa safari ya ndoa hana haki ya kulifanya.

Kosa kubwa lilitungoja asubuhi. Dereva aliposikia kwamba siku hiyo tunakwenda Diani alishangaa, kwa sababu gari lilikodiwa kwa matumizi ya ndani ya Tanzania tu na halikuwa na hati za kuvukia mpaka. Horohoro iko kama kilomita 65 tu kutoka Tanga, lakini bila hati hizo ingekuwa sawasawa na kilomita 6,000. Tulimpigia wakala, naye, bila kutafuta visingizio, alikiri kwamba alidhani bima ya gari inatosha. Basi Diani na Mombasa zikafa pale pale, na pamoja nazo vyumba vya usiku mbili vilivyokwisha kulipwa. Yeyote atakayenunua safari hii aombe kuonyeshwa hati za gari, kwa macho yake, kabla ya kulipa awamu ya pili.

Dereva ndiye aliyependekeza Pangani. Tulishuka kusini, tukasimama kidogo Tongoni kutazama magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, tukafika mto Pangani na kuvuka kwa pantoni kwenda Bweni, kisha tukafuata njia ya vumbi kati ya minazi hadi Ushongo. Hapo tulilala siku tatu katika mabanda ya makuti yaliyo hatua chache kutoka majini, mabanda ambayo hayakuwemo katika ratiba ya mtu yeyote.

Nataka nieleze jambo moja la Ushongo kwa urefu, maana sisi watu wa migodi hatulijui, na mpangaji wetu hakulijua pia. Bahari ile ina saa zake. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Mtu akifika ufukweni wakati wa maji kupwa, atakuta bahari imerudi mbali mno, mchanga umebaki na mashua zimelala ubavu, naye anaweza kudhani ametapeliwa. Akirudi baada ya saa sita, mawimbi yanagonga mizizi ya minazi. Kwa hiyo kila kitu ambacho wenzi huenda kukifanya baharini, kuogelea, kutembea, kupanda mashua, kina saa yake, na saa hiyo haipangwi ofisini.

Nahodha aliyetupeleka kisiwa cha Maziwe alitutaka tuwe majini saa 12 asubuhi, kwa sababu Agosti ni wakati wa kusi, upepo utokao kusini, na kadiri jua linavyopanda ndivyo upepo unavyozidi kuchafua bahari. Maziwe imehifadhiwa tangu mwaka 1975. Zamani ilikuwa na mivinje, leo ni mchanga mtupu unaoibuka maji yanapokupwa na kuzama yanapojaa, hata mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa ufukweni Ushongo ili yasisombwe. Tulishuka mchanga ukiwa bado umelowa, haujakanyagwa na mtu. Mume wangu alivua viatu, akavifunga kamba na kuvitundika shingoni, akaniambia tuzunguke kisiwa chote. Hatukutumia hata nusu saa. Tuliporudi tulipoanzia, nyayo zetu za kwanza zilikuwa zimeanza kujaa maji, na nahodha alikuwa anatuita.

Tukiwa njiani kurudi, mume wangu alimwambia nahodha, kwa Kiswahili chetu, "Huyu ni bibi yangu, tuna miaka 25." Nahodha alinitazama kwa heshima kubwa, akanishikia mkono nishuke taratibu, akaniuliza kama nina wajukuu wengine. Kwetu bibi ni mke, kwao bibi ni mama wa wazazi. Dereva alipomfafanulia, mume wangu alinyamaza kidogo, kisha akarudia sentensi yake kwa Kiswahili cha kwao, "Huyu ni mke wangu," polepole, kama mtu anayejifunza. Tangu siku hiyo ananiita hivyo tukiwa wawili.

Chakula cha Ushongo sina cha kulalamikia: samaki wa kupaka, wali wa nazi, pweza, na kisamvu cha nazi ambacho Mama alikionja, akasema ni sombe iliyokosa mawese, kisha akaongeza sahani. Ugali wao ni wa mahindi matupu, na aliyezoea bukari, yaani ugali wetu wenye muhogo, atauona mwepesi.

Lawama yangu ya mwisho inahusu kuwa pamoja. Wenzi watatu katika gari moja ni nafuu ya gharama, na wazee wetu walitufaidisha kwa hekima na nyimbo, lakini ratiba ilituweka meza moja asubuhi, mchana na jioni. Ushongo, ambako hapakuwa na ratiba, kila wenzi walikula mahali pao, na jioni ya pili niliwaona Baba na Mama wamekaa kwenye gogo, wamegeukia bahari, hawasemezani, mkono wa Mama umelala juu ya goti la mumewe. Usiku mbili za namna hiyo zingepaswa kuandikwa katika mkataba.

Baada ya kurudi tulikwenda ofisini na risiti zetu. Wakala alirudisha fedha zote za vyumba vya Diani, kwa mafungu mawili, wiki tatu baadaye, na fidia ya kitanda cha wale vijana aliitoa mfukoni mwake. Hakubishana. Kwa uaminifu huo, pamoja na maandalizi na ibada ya Bagamoyo, ningenunua tena kwake, ila si ratiba ile. Ningeondoa Mombasa kabisa, maana Pwani ya Kenya inadai safari yake yenyewe. Ningelala Bagamoyo usiku mbili, nikalala Tanga usiku mmoja ili kukata urefu wa barabara, kisha Ushongo usiku tatu au nne, na ningeondoka hapa mwishoni mwa Septemba, wakati kusi imepungua na mvua za vuli hazijakolea.

Mwezi uliopita dada yangu na shemeji, wanaotimiza miaka 30, waliniomba niwasindikize ofisini kwake. Mama yule alitoa ratiba mpya: safu ya kilomita imefutwa na mahali pake pana safu ya saa, na chini ameacha mistari miwili mitupu kwa ajili ya saa za maji kujaa na kupwa. Shemeji alitaka kuchagua tarehe inayolingana na mshahara. Wakala akamwomba kwanza wafungue kalenda ya mwezi wa angani.