Kupima glifosati kwenye mkojo kwa posta: maabara nzuri, maelekezo mabovu

Vifurushi vya kupima glifosati, kiuagugu kinachotumika kuliko vingine vyote duniani, siku hizi huagizwa mtandaoni. Ndani unakuta kikombe, mrija wa kifuniko cha kuzungusha, jeli ya baridi na fomu. Vifaa havina shida mradi mrija ni wa plastiki ya polipropilini. Ukiletewa wa kioo, urudishe: glifosati hung'ang'ania kuta za kioo, na kilichoganda ukutani hakifiki kwenye mashine, hivyo jibu hutoka dogo kuliko hali halisi.

Kabla ya kulipa, uliza wanapima kwa njia gani. Huduma inayostahili pesa hutumia kromatografia ya kimiminika iliyounganishwa na spektrometa ya masi (mashine zinazotenganisha kemikali za sampuli kisha kuzitambua kwa uzito wa chembe zake), na huongeza kwenye kila sampuli glifosati iliyotiwa alama ya kaboni-13 na naitrojeni-15, aina nzito kidogo za kaboni na naitrojeni ambazo mashine huzitofautisha na za kawaida. Hiyo yenye alama hupotea kwa kiwango kilekile na ya kwako sampuli inaposafishwa, kwa hiyo fundi anajua kiasi kilichopotea na anakifidia. Huduma za bei ya chini hutumia ELISA, kipimo cha kingamwili. Kwenye maji si kibaya. Mkojo una chumvi na mabaki mengi ya kukivuruga, na jibu lake likiwa karibu na kikomo cha chini, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho kipimo kinaweza kukiona, tusingeliamini mpaka spektrometa ilithibitishe.

Karatasi ya maelekezo ndiyo inayoangusha huduma hizi. Nyingi husema tu ujaze mrija na kuutuma, kana kwamba saa haina maana. Glifosati hutoka mwilini haraka: nusumaisha yake kwenye mkojo, yaani muda wa kiasi chake kupungua kwa nusu, hukadiriwa kuwa kati ya saa 5 na 10. Chukua saa 8. Zikipita saa 48, kilichobaki ni sehemu 1 kati ya 64. Anayepuliza dawa Jumatatu akakojoa kwenye mrija Alhamisi amelipia jibu lisilosema lolote kuhusu Jumatatu. Afadhali sampuli mbili: moja kabla ya kupuliza, nyingine mkojo wa kwanza wa asubuhi inayofuata. Nawa mikono kwa sabuni, vua nguo za kazi kwanza, usiguse ndani ya kifuniko, na usikojolee karibu na stoo ya dawa. Tone moja la dawa kutoka kwenye kiganja linatosha kuharibu kila kitu. Kama hutumi siku hiyohiyo, gandisha, lakini usijaze mrija hadi juu, utapasuka.

Jambo la pili ni kreatinini, taka ya misuli inayotoka na mkojo na kuonyesha mkojo ni mzito au mwepesi kiasi gani; huduma isiyoipima tungeiacha. Aliyekunywa maji mengi ana mkojo mwepesi na namba ndogo. Sampuli yenye mikrogramu 1 kwa lita na kreatinini gramu 0.5 kwa lita ni mikrogramu 2 kwa gramu ya kreatinini. Yenye mikrogramu 2 kwa lita na kreatinini gramu 2 ni mikrogramu 1 tu. Iliyoonekana kubwa imekuwa ndogo. Kreatinini ikiwa chini ya gramu 0.3 au juu ya gramu 3 kwa lita, sampuli irudiwe.

Kwenye ripoti, tafuta kikomo cha ugunduzi, yaani kile kikomo cha chini. "Haikuonekana" kwa kikomo cha mikrogramu 0.1 si sawa na "haikuonekana" kwa kikomo cha 1. Wala kuonekana kwenyewe si habari: katika uchunguzi wa afya wa taifa wa Marekani wa 2013–2014, kwa kikomo cha 0.2, ilikutwa kwa watu takriban 4 kati ya 5. Ripoti zinazopaka rangi nyekundu kila namba iliyozidi sifuri zinauza hofu. Wakikuongezea AMPA, zao la kuvunjika kwa glifosati, kumbuka kwamba hutokana pia na fosfonati, kemikali zinazotiwa kwenye sabuni.

Aliyekunywa dawa kwa bahati mbaya, hasa parakwati, kiuagugu kingine chenye sumu kali, hana muda wa posta. Aende hospitali mara moja.

Ukitaka kuikagua maabara yenyewe, gawa mkojo wa kikombe kimoja kwenye mirija miwili na uitume kwa namba tofauti. Majibu yakiwa mbali na kikomo cha chini na bado yakapishana kwa zaidi ya asilimia 20 hivi, dai maelezo au urudishiwe pesa.