Diski za Breki za Kaboni Seramiki: Imekwisha au Bado?

Wadau, karibuni tena, leo tuko Kizota hapa Dodoma. Kitu mnachokiona mezani siyo diski ya breki ya Toyota Crown, hii ni ya kaboni seramiki. Imetoka mbele kwenye Porsche Cayenne Turbo S, gari lenye zile kalipa za njano, vile vifaa vinavyobana pedi kwenye diski. Kipenyo milimita 420. Ninainyanyua kwa mkono mmoja, mnaona? Ya chuma ya ukubwa huu ina uzito wa karibu mara mbili.

Mwenye gari anauliza swali moja tu: imekwisha au bado? Fundi wa kwanza alipima unene akamwambia ni kama mpya. Na kweli unene haujapungua. Tatizo ni kwamba hizi hazikwishi kwa unene. Sogeza kamera hapa kwenye kitovu, kuna maandishi yamechongwa: uzito wa chini, kwa gramu. Hicho ndicho kipimo. Unaifungua, unaisafisha, unaiacha ikauke kabisa, unaiweka kwenye mizani. Ikishuka chini ya namba hiyo, hata kama inang'aa, ni ya kutupa.

Kwa nini uzito? Ndani mna nyuzi za kaboni zilizoshikwa na silikoni kabaidi, yaani hiyo seramiki yenyewe. Diski ikipata moto sana, kuanzia nyuzijoto 400 au 500 hivi, kaboni inaanza kuungua na hewa, inaondoka kidogo kidogo na kuacha vitundu. Nimulikie tochi kwa ubavu. Mnaona hivi vidoti vyeusi, uso umekuwa kama umeliwa na mchwa? Hapo nyuzi zimeungua.

Sasa mimi nasema hivi: huku kuungua hakukutokea Dodoma. Kutoka Mtumba kuja mjini, kwenye makazi mwisho spidi 50, trafiki na tochi zao za kupima spidi, utaipatia wapi moto huo? Labda ushuke mlima Sekenke umekanyaga breki mwanzo mwisho badala ya kutumia gia. Magari haya mengi yanatufikia yameshatumika, na diski zimechoka huko huko. Kwa hiyo kabla hujalipia gari, omba picha ya uso wa diski na ya hayo maandishi.

Kinachoziua hapa ni kugongwa. Seramiki ni ngumu ajabu lakini haina uvumilivu. Angalia ukingo huu, kipande kimemeguka, na alama ya rangi ya rimu ipo. Hii ni kazi ya kijiwe cha pancha: nati zimetoka, rimu zito limeteleza, likagonga. Porsche wana vijiti viwili unavifunga kwenye matundu ya nati, rimu linatoka likiserereka juu yake bila kugusa diski. Tembea navyo kwenye buti, mpe fundi, na usimame pale pale. Akikuona mnoko, shauri yake.

Kuhusu kuzirudishia upya. Usiipeleke kwa mchonga vyuma, nakuomba. Silikoni kabaidi inakaribia almasi kwa ugumu, kisu chake kitaisha na ukingo utameguka. Wanaozifanya, wengine wako Uingereza, wanasaga kwa almasi, na wapo wanaoirudisha kwenye tanuru kuingiza silikoni upya. Kama uso tu umechakaa na uzito upo, kazi hiyo ina maana, kwa sababu diski moja mpya ya mbele inavuka shilingi milioni 10. Ila ikiwa na ufa kwenye matundu, au imemeguka kupita kiwango cha mtengenezaji, hakuna cha kurudishia.

Hii yetu imebaki juu ya kiwango kwa gramu chache mno. Ukiisaga tu, inashuka chini. Kipande kilichomeguka ni kidogo, kwa hiyo ushauri wangu: irudishe kwenye gari, na kila ukibadili pedi ipime. Usimwagie dawa ya rimu yenye asidi.

Siku ikigoma, weka za chuma za saizi inayokubali kalipa yako, pande zote mbili kwa pamoja, na ununue pedi za diski za chuma. Pedi ulizokuwa unatumia na diski za seramiki usizihamishie huko. Gari litakuwa zito kidogo mbele, lakini kwa barabara zetu hutajuta.

Mwenye seti kamili ambayo bado nzima, akitaka kutumia za chuma, azifunge za seramiki kwenye boksi na kuzihifadhi ndani. Mnunuzi wa gari hilo atakuja kuziulizia.