Nora au Ramatoulaye: tuanze na nani?

Hapa Moshi ukishajifungua, jina lako linakwenda likizo: unakuwa Mama Junior, Mama Manka, basi. Kwa hiyo akina mama wakiniuliza waanze na kitabu gani kuhusu mke anayejipoteza ndani ya ndoa, huwa nawawekea viwili mezani.

Nora wa A Doll's House (1879), tamthilia ya Mnorwe Henrik Ibsen, anaitwa na mumewe kindege, mara kindi. Alighushi sahihi ya babake akope fedha za kuokoa afya ya mume huyo huyo. Siri inapofichuka, bwana anahangaikia heshima yake tu. Nora anaondoka, watoto anawaacha. Tamthilia inaishia mlangoni. Kesho atakula nini, hatuambiwi.

Ramatoulaye wa So Long a Letter (1979), riwaya ya Mariama Bâ, kule Senegal, habanduki. Baada ya miaka 25 na watoto 12, mume anaoa rafiki wa binti yao. Mume akifa, Ramatoulaye anakaa eda, anaandika barua, na anamfukuza kwa maneno shemeji anayetaka kumrithi. Hilo la kurithiwa, hapa kwetu Kiborloni, Moshi, halihitaji mfasiri.

Mimi naanza na Ramatoulaye. Mlango wa Nora unapendeza jukwaani, ila dada mwenye watoto wanne na meza ya mitumba ataniuliza nauli.