Kitufe cha "Niko salama" na fremu ya bendera Facebook: nyota 2 kati ya 5

Naanza na kusifia, maana kitufe chenyewe kimetengenezwa vizuri. Safety Check, ndo jina la kitufe hicho, ilitoka 2014, likitokea janga karibu na ulipo Facebook inakuuliza kama uko salama, unabonyeza mara moja tu ndugu na marafiki wote wanaona, huna haja ya kuhangaika na simu wakati network imezidiwa. Kwenye tetemeko la Nepal Aprili 2015 ilisaidia watu kweli kweli, hapo sina neno.

Tatizo linaanza wakifa watu kwa sababu ya vita. Novemba 12, 2015, Beirut, Lebanon, mtaa wa Bourj el-Barajneh, watu wawili walijilipua jioni na kuua zaidi ya 40. Kesho yake Paris wakauawa 130. Waliojitangaza kuhusika ni kundi lile lile moja, IS (wanaojiita Dola la Kiislamu), na vita vilivyowakuza ni vile vile vya Iraq na Syria. Sasa ona: Paris kitufe kikawashwa usiku ule ule, halafu ikaja fremu ya bendera ya Ufaransa, unabonyeza tu picha yako ya profaili inapakwa bluu, nyeupe na nyekundu, na unachagua ikae muda gani kabla haijajitoa yenyewe. Beirut hawakupata kitufe, hawakupata bendera. Na kule kuna baba alimrukia mshambuliaji wa pili akafa naye ili wengine wapone, lakini kwenye habari nyingi za nje ule mtaa ukaandikwa ni "ngome ya Hezbollah", kundi lenye silaha la Lebanon, basi, kana kwamba hakuna watoto wanaoishi pale.

Zuckerberg, bosi wa Facebook, alijieleza kwamba mpaka siku ile kitufe kilikuwa cha majanga ya asili tu na kwamba wanabadilisha utaratibu, na kweli siku chache baadae bomu lilipolipuka Yola, Nigeria, wakakiwasha. Nawapa haki yao. Ila maelezo hayo ni ya kitufe, bendera hayaigusi kabisa. Kwenye shambulio la chuo kikuu cha Garissa, Kenya, walikufa 148 Aprili mwaka huo huo, wengi wanafunzi, nani aliletewa fremu ya Kenya abonyeze?

Kilichoniuma zaidi ni maelezo ya bosi wao mwingine, Alex Schultz, kwamba kwenye vita inayoendelea kitufe hakifai sana kwa sababu haina mwanzo wala mwisho unaoeleweka na huwezi kujua mtu yuko salama kweli lini. Kiufundi namuelewa. Lakini matokeo yake ni kwamba anayeishi kwenye mabomu kila siku ndo haulizwi, anaulizwa yule ambaye kwao mabomu hayajazoeleka. Baadae wakakiweka kitufe kijiwashe kutokana na watu wengi wanavyoposti kuhusu tukio, sasa Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, ambako vita ilianza Novemba 2020 na intaneti ikakatwa, nani angeposti?

Hili sio la Facebook peke yao, wao wanafuata upepo wa wanasiasa. Aprili 2022 Tedros, mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), alisema wazi haoni dunia ikiyapa maisha ya watu weusi na weupe uzito sawa, akataja Tigray, Yemen, Afghanistan na Syria zinavyopata umakini kiduchu ukilinganisha na Ukraine, na wala hakusema Ukraine isisaidiwe. Na mimi simlaumu aliyewalilia wale 130, hawakuwa na kosa lolote na waliacha familia. Nachokataa ni kampuni yenye watumiaji dunia nzima kunichagulia msiba gani una bendera na upi hauna.

Kwa hiyo kitufe kitumieni bila wasiwasi, ukiwa kwenye hatari kibonyeze, wazazi wako watalala. Fremu ya bendera iliyochaguliwa na ofisi yao mi siiweki, mtu achague mwenyewe anamlilia nani, Gaza, Sudan, Kharkiv au Goma. Nyota zote 2 ni za kitufe.